Makerere na watu wake: maswali ninayoulizwa kila mara

Kila nikigusia Makerere, maswali yanayorudi ni yaleyale. Fulani alisoma pale? Alimaliza? Kwani kile chuo kina nini hasa? Nimeona niyakusanye majibu mahali pamoja, nipumzike kurudia. Mimi ni mtu wa Bukoba. Kwetu Kampala ni karibu kuliko Dar es Salaam, na jina la Makerere nililisikia nyumbani kabla sijajua chuo kikuu ni kitu gani. Kwa hiyo usinitegemee niwe refa.

Makerere ilianza lini, na ilianzaje?

Mwaka 1922, juu ya kilima kimoja cha Kampala, kama shule ya ufundi. Wanafunzi walikuwa 14, wote wa kutwa, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 ikaunganishwa na Nairobi na Dar es Salaam kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 watatu hao wakaachana, kila mmoja akashika njia yake.

Jambo dogo linalonichekesha: Chuo cha Dar es Salaam nacho kilipofunguliwa Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilianza na wanafunzi 14. Hao walikuwa wa sheria.

Ni kweli kuna mtu aliuawa kwa sababu ya Makerere?

Ndiyo. Martin Luther Nsibirwa, Katikiro wa Buganda, yaani waziri mkuu wa ufalme. Serikali ya kikoloni ilitaka ardhi ya kupanua chuo, na Waganda wengi walihofu kwamba ukishaachia eka moja, zitafuata nyingine. Nsibirwa akaipitisha sheria iliyoruhusu ardhi ichukuliwe. Muda mfupi baadaye, asubuhi ya tarehe 5 Septemba 1945, akapigwa risasi kwenye Kanisa Kuu la Namirembe.

Leo kuna bweni lenye jina lake. Zamani liliitwa Northcote. Wanafunzi hupita mlangoni wakiwa na ndoo na taulo, na sidhani wengi wao hujiuliza Nsibirwa alikuwa nani.

Mwalimu Nyerere ana digrii ya Makerere?

Hana, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akatoka na stashahada ya ualimu. Wakati huo chuo hakikuwa kinatoa shahada, kwa hiyo hata angekuwa hodari mara mbili asingeipata. Shahada yake ni ya Edinburgh, alikosoma kati ya 1949 na 1952.

Lakini ukiniuliza Nyerere aliivia wapi, nitakwambia Makerere kabla ya Uskoti. Alipokuwa pale aliandika insha kuhusu namna wanawake wanavyokandamizwa, akichukua hoja za John Stuart Mill na kuzipima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki aliokua akiwaona. Insha ikashinda shindano la Afrika Mashariki. Hebu fikiria: kijana wa Butiama mwenye miaka ishirini na ushei, vita ya pili ya dunia inaendelea, amekaa Kampala anaandika kwamba mzigo aliobeba mama yake si wa haki. Makerere hiyohiyo wakati huo haikuwa na mwanafunzi wa kike hata mmoja.

Kwa hiyo mhitimu ni nani?

Kuna wenye shahada, kuna wa stashahada za zamani, na kuna walioishia njiani. Watu wakisema "zao la Makerere" huwachanganya wote kapu moja. Mimi sina ugomvi na neno hilo, ila nikiandika "amehitimu" nataka awe amehitimu kweli. Kama unataka kuhakikisha habari za mtu wa miaka ya karibuni, kila mahafali huwa na kitabu chenye majina ya wote waliotunukiwa, kozi kwa kozi. Jina likikosekana humo, anza kuuliza.

Na Obote?

Aliingia mwishoni mwa miaka ya 1940, hakumaliza. Akaenda Kenya kufanya kazi, akaonja siasa za huko, akarudi. Mwaka 1962 alikuwa waziri mkuu wa Uganda huru.

Makerere imetoa marais wangapi?

Wanaotajwa sana ni Nyerere, Obote, Yusuf Lule, Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa. Lule ni habari ya peke yake: alisoma Makerere, akarudi kuwa Mganda wa kwanza kukiongoza chuo, kuanzia 1964 hadi 1970, kisha mwaka 1979 baada ya Amin kukimbia akawa rais kwa siku 68 tu.

Hii orodha ya marais ndiyo watu wanaipenda, na ndiyo mimi naiona nyepesi kuliko zote. Urais mtu huupata kwa mambo mengi, na darasa ni mojawapo tu. Kinachonivutia ni kwamba watu hawa walijuana, au angalau walipishana kwenye njia zilezile. Mfano ninaoupenda ni huu.

Kibaki alimaliza shahada ya uchumi Makerere katikati ya miaka ya 1950, akaenda London, akarudi mwaka 1958 kuwa mhadhiri. Mwaka 1960 akaiacha kazi hiyo akaenda kuwa mtendaji wa chama kipya cha KANU. Katika miaka hiyohiyo Mkapa alikuwa mwanafunzi pale, wa Kiingereza. Sasa ruka miaka 48. Mwanzoni mwa 2008 Kenya inaungua baada ya uchaguzi, Kibaki upande huu, Raila Odinga upande ule. Kofi Annan anafika Nairobi na jopo la watu wazima wa Afrika, na ndani yake kuna Graça Machel na Benjamin Mkapa. Aliyekuwa mwanafunzi anakaa meza ya usuluhishi, aliyekuwa mhadhiri yuko upande wa wanaosuluhishwa. Na baba yake Raila, Jaramogi Oginga Odinga, naye alisomea ualimu Makerere, kabla ya hao wote. Makubaliano yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Sisemi ni Makerere iliyoiponya Kenya. Nasema ukanda wetu ulikuwa na chumba kimoja ambamo wakubwa wengi walipita wakiwa vijana, na baadaye walipokutana hawakuwa wageni.

Kulikuwa na nini hasa kilichowakutanisha?

Uchache wa vyuo. Kwa miaka mingi kijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda au Zanzibar aliyefaulu sana hakuwa na pengine pa kwenda bila kuvuka bahari. Kutoka Bukoba wengi walipanda meli ya ziwani. Walikuja hata wa mbali zaidi: mshairi David Rubadiri wa Malawi, aliyekuja kuwa balozi wa nchi yake Umoja wa Mataifa, ni wa Makerere.

Hata baada ya 1963 mpango ulikuwa wa kugawana: udaktari na kilimo Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mganda anayetaka sheria anakuja Dar, Mtanzania anayetaka uhandisi anakwenda Nairobi. Kila nchi ilipopata chuo chake mwaka 1970 ilikuwa haki yake, na idadi ya wasomi ikapanda sana. Ila tulipoteza kitu. Kijana wa leo anaweza kumaliza shahada tatu bila kulala chumba kimoja na jirani wa nchi nyingine.

Je, Museveni, Mazrui, Mboya na Wangari Maathai ni wa Makerere?

Wote hapana, ingawa nimewaona wote wanne kwenye orodha za mtandaoni.

Museveni alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akamaliza 1970. Tom Mboya alikwenda Ruskin College, Oxford. Maathai alisoma Marekani, na uzamivu wake ni wa Nairobi, 1971.

Ali Mazrui ndiye kisa kitamu. Huyu mtoto wa Mombasa hakupata alama za kumwingiza Makerere, akakosa nafasi. Akazunguka: Huddersfield, Manchester, Columbia, Oxford. Mwaka 1963 akaingia Makerere kwa mlango wa mbele, akiwa mwalimu, na haukupita muda akawa profesa na mkuu wa kitivo. Mihadhara yake ilijaza ukumbi. Aliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, hali ya Amin ilipokuwa haivumiliki. Wazazi ambao watoto wao wamepata divisheni ya tatu wanaruhusiwa kukitumia kisa hiki, ila wasikizidishe chumvi.

Ngũgĩ wa Thiong'o alianza kuandika Makerere?

Ndiyo, na hapa nitakaa kidogo.

Ngũgĩ aliingia 1959, idara ya Kiingereza. Wanafunzi wa idara ile walikuwa na jarida lao, Penpoint, na vijana wengi wa ukanda huu walichapishwa humo kwa mara ya kwanza. John Nagenda, mmoja wa wahariri wake, alikuja kucheza kriketi katika Kombe la Dunia la 1975 na timu ya Afrika Mashariki. Mtu huyohuyo.

Juni 1962 Makerere ikaandaa mkutano wa waandishi wa Afrika. Walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, J. P. Clark, Ezekiel Mphahlele, na Langston Hughes kutoka Marekani. Ngũgĩ, bado mwanafunzi, alikuwa na muswada wa riwaya mkononi. Akajipa moyo, akamwendea Achebe, akamwomba ausome. Achebe akasoma, akampa maoni, na muswada ukafika kwa wachapishaji Heinemann. Mwaka 1964 ukatoka kitabu. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa: kijana ana karatasi zilizopigwa taipu, mwandishi mkubwa wa bara zima amelala hatua chache kutoka bwenini.

Sasa upande wa pili, ambao wasomaji wa Kiswahili wanapaswa kuujua. Mkutano ule uliitwa wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Jina lenyewe lilikuwa mlango wenye bawabu. Ngũgĩ, mwanafunzi aliyekuwa amechapisha hadithi fupi mbili, aliingia. Shaaban Robert, mwenye tenzi, insha na riwaya rafu nzima, aliyekuwa hai Tanga wakati huo, hakuwa na sifa ya kualikwa. Mwezi huohuo wa Juni 1962 Shaaban Robert akafariki dunia.

Ngũgĩ mwenyewe ndiye aliyelisema jambo hilo baadaye, tena kwa uchungu, alipokuwa ameshaamua kuandika kwa Kigĩkũyũ. Mwaka 1977 tamthilia ya Kigĩkũyũ iliyochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ilimpeleka kizuizini Kamiti kwa mwaka mzima bila kushtakiwa, na humo akaandika riwaya ya Kigĩkũyũ kwenye karatasi za chooni. Mjadala wa lugha gani mwandishi wa Afrika atumie umeenea vyuo vya dunia nzima, India hadi Wales, na mbegu yake iko kwenye ule ukumbi wa Kampala. Kwangu mimi huo ni mchango mkubwa wa Makerere kuliko marais wake watano, na chuo kiliutoa kwa kukosea. Ngũgĩ alifariki Mei 2025.

Kiswahili kilikuwa na nafasi yoyote pale?

Ilikuwapo, ila wengi hawaijui. Ile Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1930 kusanifisha lugha, ilihamishiwa Makerere mwaka 1952 na kukaa pale miaka kadhaa kabla ya kwenda Mombasa, kisha Dar es Salaam mwaka 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Leo ni TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Yaani mwaka ule wa 1962 waandishi wa Kiingereza walikuwa wanajadili fasihi ya Afrika kwenye kilima ambacho Kiswahili kilikuwa kimepanga nyumba muda si mrefu.

Na kuna mhitimu ambaye ningependa asomwe zaidi: Gabriel Ruhumbika wa Ukerewe. Alipata shahada Makerere mwaka 1964, akafanya uzamivu Sorbonne. Riwaya yake ya kwanza aliiandika kwa Kiingereza. Baada ya hapo akageukia Kiswahili, na kwa Kiswahili ndiko alikotoa kazi zake nzito kuhusu namna ndoto za uhuru zilivyogeuka. Vilevile ndiye aliyeitafsiri kwa Kiingereza ile riwaya kubwa ya Kikerewe ya Aniceti Kitereza. Njia aliyopita Ngũgĩ akipigiwa tarumbeta, Ruhumbika aliipita kimyakimya.

Nyerere naye tusimsahau: akiwa ofisini na nchi mbichi mikononi, alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, mara mbili, 1963 na 1969.

Wanawake waliingia lini?

Mwaka 1945, wakiwa sita. Kaulimbiu ya chuo hadi hapo ilikuwa kwa maana ya "Tuwe wanaume", ikabidi ibadilishwe. Iliyofuata, inayotumika hadi leo, inasema tunajenga kwa ajili ya siku zijazo.

Miongoni mwa wanawake wa mwanzo pale ni Sarah Nyendwoha, baadaye Sarah Ntiro. Alitaka kusoma hisabati. Mwalimu wa hisabati hakukubali kufundisha darasa lenye mwanamke, na aliyeondoka hakuwa mwalimu. Sarah akahamia historia. Mwaka 1954 akatoka Oxford na shahada, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuipata. Aliporudi kufundisha akagundua kwamba mshahara wake ni mdogo kuliko wa mwanamume mwenye kazi hiyohiyo, akaukataa. Alifariki 2018. Nikimfikiria, huwa najiuliza yule mwalimu wa hisabati anakumbukwa na nani.

Wengine kwa haraka: Josephine Nambooze, aliyefuzu udaktari Makerere 1959, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika Mashariki. Specioza Kazibwe, daktari pia, makamu wa rais wa Uganda kuanzia 1994 hadi 2003. Rebeka Njau, mwandishi wa Kenya.

Nje ya siasa na vitabu, ni nani aliyebadilisha dunia kweli?

Madaktari. Na kwa hili mtu wa Kagera hahitaji kuhadithiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walianza kukonda na kufa pande zote mbili za mpaka, Rakai kule, Kagera huku. Ulikuwa UKIMWI, ila Uganda waliuita silimu. Kwetu uliitwa Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kinaletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, maana waliokuwa wanakufa mwanzo walikuwa haohao wenye pesa na nguo nzuri. Kulikuwa na wazee walioamini ni uchawi wa watu waliodhulumiana mali. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa Kagera.

Oktoba 1985 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makala iliyoueleza ugonjwa huo wa kukonda na kuuhusisha na kirusi. Mwandishi wa kwanza ni David Serwadda, daktari kijana aliyesomea Makerere. Pamoja naye yumo Nelson Sewankambo, naye wa Makerere, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa kitivo cha tiba. Wangeweza kuishia hapo, wakapata sifa. Badala yake mwaka 1988 wakaanzisha mradi wa utafiti Rakai kwenyewe, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, na wakawa wanarudi kijiji kwa kijiji, mwaka hadi mwaka, kuwapima watu walewale.

Subira hiyo ilizaa mambo mawili. La kwanza, mwaka 2000: waliwafuatilia wenza 415 ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, wakaona kwamba kadiri virusi vinavyopungua kwenye damu ndivyo hatari ya kuambukiza inavyopungua, na waliokuwa na kiwango cha chini kabisa hawakumwambukiza mwenza hata mmoja. Ule ujumbe unaousikia kliniki leo, kwamba mtu anayetumia dawa vizuri virusi vikafubaa haambukizi, una mizizi huko. La pili ni tohara. Karibu wanaume 5,000 wa Rakai walishiriki jaribio, na Desemba 2006 likasimamishwa kabla ya muda kwa sababu jibu lilikuwa limeshaonekana: tohara ilipunguza maambukizi kwa mwanamume kwa takriban nusu. Kisumu walipata jibu kama hilo. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Mamilioni ya wanaume wametahiriwa tangu hapo kusini na mashariki mwa Afrika. Kama uliwahi kuona mahema ya tohara Iringa au Njombe, vijana wamepanga foleni wakijifanya hawaogopi, safari ile ilianzia kwenye vumbi la Rakai.

Na wachoraji?

Mwaka 1937 Mwingereza mmoja, Margaret Trowell, alianza kufundisha sanaa kwenye baraza ya nyumba yake. Kibaraza hicho ndicho kilichokuwa shule ya sanaa ya Makerere. Sam Ntiro, Mchaga wa Machame na mumewe yuleyule Sarah, alitoka hapo. Mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York lilinunua mchoro wake wa wanaume wanaobeba pombe ya ndizi kuipeleka kwa bibi harusi usiku. Mwaka uliofuata Tanganyika ikapata uhuru, na Ntiro akatumwa London kuwa balozi. Gregory Maloba wa Kenya ndiye aliyechonga sanamu ya uhuru iliyoko Kampala, ile ya mtu anayemwinua mtoto juu. Elimo Njau wa Marangu alichora ukutani kwenye kanisa la Murang'a maisha ya Yesu, watu na milima vikiwa vya Kigĩkũyũ, kisha Nairobi akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa.

Watanzania wengine ni akina nani?

Wengi. Nitawataja watatu.

Dk. Vedasto Kyaruzi, wa kwetu Bukoba, alikuwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika kilichotangulia TANU, mwaka 1950, kabla ya zama za Nyerere. Serikali ikamwondoa Dar es Salaam kwa uhamisho, dawa ya kikoloni kwa mtumishi msumbufu. Baada ya uhuru akawa mwakilishi wa Tanganyika Umoja wa Mataifa. Cleopa Msuya alikuwa waziri mkuu mara mbili; alifariki Mei 2025.

Edwin Mtei ndiye gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, iliyofunguliwa 1966. Alipokuwa waziri wa fedha mwaka 1979 alitaka nchi ielewane na Shirika la Fedha la Kimataifa, Nyerere akakataa, Mtei akajiuzulu. Watu wawili wa kilima kimoja, wameshikana mashati juu ya jambo lililotusumbua miaka kumi iliyofuata. Mwaka 1992 Mtei akawa miongoni mwa waanzilishi wa Chadema. Wanaosema Makerere ilizalisha watu wa kunyamaza na kufuata mkubwa, waniambie Mtei alisoma wapi.

Wakati wa Amin ilikuwaje?

Vibaya. Oktoba 1972 makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa usalama, hakuonekana tena. Walimu wengi walikimbia, na waliokimbilia Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko walijenga vyuo vya wenzao. Hilo nalo lihesabiwe kwenye hesabu ya ushawishi wa Makerere, ingawa hakuna aliyelipanga.

Siku hizi Makerere inatoa watu?

Inatoa wengi mno. Tangu ilipoanza kupokea wanaojilipia ada mwanzoni mwa miaka ya 1990 idadi ilifumuka. Malalamiko kwamba kiwango kimeshuka nimeyasikia tangu utotoni. Ninachoona ni hiki: Brian Gitta na wenzake wa kompyuta walitengeneza kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu, wakashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2018. Engineer Bainomugisha, na ndiyo, Engineer ni jina lake kabisa, anaongoza AirQo, vifaa vya kupima uchafu wa hewa vilivyofungwa kwenye miji mingi ya Afrika. Anne Kansiime anachekesha bara zima. Kwenye siasa, Kizza Besigye alisomea udaktari pale na Bobi Wine alisomea muziki, dansi na maigizo.

Lile jengo jeupe lililoungua lilijengwa upya?

Ndiyo. Jengo kuu, lenye mnara wa saa, liliungua usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Septemba 2020. Lilifunguliwa tena Oktoba 2024 kwa sura ileile.

Ukienda, ingia kwa lango kuu. Tazama juu kabla ya kusimama chini ya mti, kwa sababu wale korongo wakubwa wenye upara, Waganda huwaita kalooli, hawana adabu na kinyesi chao hakitoki kwenye shati. Ukimaliza teremka Wandegeya jioni, wakati majiko yanawashwa. Omba rolex: mayai mawili yamekaangwa na nyanya na kabichi, yakaviringishwa ndani ya chapati. Wengi husema chakula hicho kilienea kutokana na wanafunzi wa hapo waliokuwa na njaa na haraka. Kama mfuko hauruhusu, omba kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage. Muuzaji ataikata kwa kisu kirefu bila hata kuiangalia, huku anaongea na mteja mwingine.